Kula lanchi ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru kama hukubuku

Kila shule zikifunga naulizwa maswali yale yale, na watu wa Kisumu, Kakamega, Eldoret, hadi majirani zangu hapa Nakuru ambao wameishi kando ya fensi ya mbuga miaka yote na hawajawahi kuingia: tukienda kuona wanyama tutakula wapi, loji zitatukubali kama hatukubuku, ama tubebe tu chapo kwa gari? Jibu ni kwamba mtakula, na mtakula vizuri, lakini kinachoamua ni saa mtakayofika pale mlangoni, si kujuana na meneja wala kuvaa vizuri. Watu wengi wanaorudi wakilalamika walifukuzwa walifika tu saa ile mbaya.

Huu mwongozo ni wa familia ama marafiki wasiozidi watu kumi hivi, mnaingia asubuhi mnatoka jioni, hamlali. Kama ni chama au basi la kanisa la watu thelathini, achana na haya yote, piga simu mapema mbuku, hakuna ujanja utakaokusaidia.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Vitambulisho vya watu wazima wote, si cha dereva peke yake. Getini kuna bei ya raia, ya mkazi na ya mgeni wa nje, na loji nyingi nazo zina bei ya wenyeji ambayo hutapewa kama huna cha kuonyesha. Kwa watoto beba hata picha ya cheti cha kuzaliwa kwa simu, manake kijana wa miaka kumi na mbili aliyeruka juu kama mlingoti atabishaniwa.
- Akaunti ya eCitizen (ile tovuti ya serikali ya kulipia huduma) inayofanya kazi, na pesa kwa M-Pesa. KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, hawachukui noti getini. Tengeneza akaunti usiku uliotangulia, usingoje kutafuta paswedi ukiwa kwa foleni na magari yanakupigia honi.
- Noti ndogo ndogo za tipu.
- Maji, lakini si kwa zile chupa za plastiki za kutupa. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga za taifa, na hiyo inaingiza chupa za maji, sahani, vikombe, vijiko na mirija ya plastiki. Mifuko ya plastiki ndo usiseme, hiyo ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Agosti 2017. Bebeni flaski ama chupa za chuma.
- Mkebe mmoja wa chakula cha dharura wenye kifuniko kinachobana kabisa: mayai ya kuchemsha, ndizi, njugu, mkate. Hii si lanchi, ni ya kunyamazisha mtoto hadi lanchi ifike.
- Namba za simu za mapokezi ya loji mbili tofauti. Tafuta usiku uliotangulia na uziandike, kuna sehemu mle ndani neti inapotea kabisa.

Loji zenyewe ziko wapi

Mbuga yenyewe si kubwa, ni kama kilomita mraba 188, na ziwa limekaa katikati, kwa hivyo unazunguka. Upande wa mashariki kwa kile kilima kuna Sarova Lion Hill, ukishuka kusini mashariki kuna Lake Nakuru Lodge, na upande wa magharibi juu kwa mteremko kuna Sopa. Zipo kambi zingine za mahema, lakini nyingi ni ndogo na zinapikia wageni wao waliolala, usiziweke kwa mpango wako wa kwanza.

Jua pia kwamba maji ya ziwa yamepanda sana miaka hii, hata lile geti kuu la zamani lilimezwa likahamishwa, na barabara zingine za kando ya ziwa ziko chini ya maji. Ramani ya zamani itakudanganya.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku yenye akili. Siku mbaya zaidi ni tarehe 26 Desemba, Jumapili ya Pasaka, na wikendi yoyote iliyoshikana na sikukuu kama Madaraka au Jamhuri. Jumamosi ya kawaida ni sawa. Watu hufikiri katikati ya wiki ndo rahisi zaidi na mara nyingi ni kweli, lakini kuna kitu kimoja hawaambiwi: loji hupenda kufanya semina za maofisi kati ya Jumatatu na Ijumaa, na wale wa semina hutoka kwa ukumbi wote pamoja wakiwa na njaa ya watu waliosikiliza projekta tangu asubuhi. Kwa hivyo hata Jumatano uliza kama kuna semina.

2. Kula vizuri kabla ya geti. Watu wa kutoka Kisumu wanaamka saa kumi usiku, wanapita Kericho na Londiani kwa chai tupu na mandazi, wanafika Nakuru saa tatu wakiwa wamechoka halafu wanaingia moja kwa moja kwa mbuga. Saa tano watoto washaanza kulia na loji hata hazijafungua meza. Simameni mjini mle kitu kinachokaa tumboni, mayai, viazi, uji, chochote. Mjini kwenda geti kuu ni mwendo mfupi tu kwa gari, hampotezi muda. Wa Nakuru hamna kisingizio, pikeni nyumbani.

3. Piga simu asubuhi ile ile, kati ya saa tatu na saa nne. Najua tumesema bila kubuku, na hii si kubuku, ni kuuliza hali. Saa hizo mapokezi washajua ni magari mangapi ya watalii yanakuja na ni watu wangapi wanatoka, ukipiga saa moja asubuhi atakwambia "kuja tu" kwa sababu bado hajui. Ongea hivi, usizunguke:

"Habari ya asubuhi dada. Tuko Nakuru, tungependa kuja lanchi leo, hatulali. Tuko watu wazima wanne na watoto wawili, wa miaka saba na mitatu. Leo ni bafe ama ni menyu? Bei ya wenyeji ni ngapi kwa kila mtu, na hiyo bei imeingiza kodi? Makundi yenu yanakula saa ngapi?"

Hilo swali la mwisho ndo la maana kuliko yote. Akikwambia makundi yanakuja saa saba, ushajua usifike saa saba. Kisha muulize jina lake, ukifika useme "niliongea na fulani asubuhi". Hujashikiwa meza, lakini hapo mlangoni unaongea kama mtu anayetarajiwa.

4. Lipa getini, halafu uliza rinja (askari wa mbuga) barabara gani zinapitika leo. Usiulize "wanyama wako wapi" peke yake, uliza pia "kutoka hapa nikitaka kufika loji fulani saa sita napitia wapi". Atakuchorea kwa maneno vizuri kuliko simu yako.

5. Panga mzunguko ili saa sita ikukute upande wa loji yako. Hapa ndo watu wengi huharibu. Wanaenda kutafuta simba upande wa pili wa ziwa, saa saba wanagundua wako na njaa na loji waliyopigia iko ng'ambo, wanaanza kukimbiza gari kwa vumbi. Spidi inayoruhusiwa ni kilomita 40 kwa saa na kuna nyati wanaolala kwa barabara wasiojua wewe una haraka. Kama loji yako iko mashariki, zunguka magharibi na kusini asubuhi kisha umalizie mashariki. Ikiwa ni ya magharibi, geuza. Faru na twiga hawako upande mmoja tu, usijali (ndovu usitafute, hakuna ndovu Nakuru, na kila mwaka kuna mtu anataka kurudishiwa pesa kwa sababu hiyo).

6. Fika saa 6:20 ama fika saa 7:45. Katikati usifike. Bafe za lanchi kwa kawaida hufunguliwa kama saa sita na nusu na kufungwa kama saa nane na nusu. Magari ya watalii yanayotoka Nairobi asubuhi, na yale yanayotoka Maasai Mara, karibu yote yanaangukia pale kati ya saa saba kasoro na saa saba na nusu, na wote hao meza zao ziliandikwa zamani. Ukifika kabla yao unakuta sahani zimepangwa, chakula kinafuka moshi, na weita ana nafasi ya kukutafutia kona. Ukifika wakishamaliza unakuta meza zinafutwa. Ukifika katikati unakuta meneja amesimama mlangoni na karatasi mkononi na uso wa kuomba msamaha.

Mimi nikiwa na watoto nachagua saa 6:20 bila kufikiria. Wakubwa peke yao, saa 7:45 ni tamu zaidi, pametulia, ila uangalie usichelewe zaidi ya hapo manake nyama huisha mapema na unabaki na wali na kabichi.

7. Mlangoni, kuwa mwepesi wa kuwekwa popote. Kabla watu wote hawajashuka kwa gari, mmoja aingie aongee, ikiwezekana mama au mzee wa familia mwenye sauti ya upole. Kundi zima likiingia kwa kelele, weita anaona tatizo la watu kumi. Sema mnaweza kukaa meza mbili, sema mnaweza kukaa nje, sema hamjali kungoja nusu saa mkitazama bustani. Watu wanane wakitaka meza moja ya dirishani hawatapata, lakini wanne hapa na wanne pale watapata.

Kama wamesema bafe imejaa, usigeuke. Uliza: "Na menyu ya baa je?" Loji nyingi zina baa ama sehemu ya kando ya bwawa la kuogelea yenye menyu yake fupi: sambusa, sandwichi, chipsi na kuku, supu. Wanaong'ang'ania bafe hawaifikirii. Kusema ukweli kwa mtu anayekula kidogo, au mama aliye na mtoto anayeguza wali na kuacha, bafe ni hasara tu, sahani moja ya baa inatosha na bili inakuja chini sana.

8. Ujue bei yote kabla hujakaa. Uliza wazi: hii bei ni ya mwisho? VAT ni asilimia 16, kuna ushuru wa utalii wa asilimia 2, na sehemu zingine zinaongeza ada ya huduma. Nyingi huandika bei ikiwa imeingiza vyote, lakini si zote. Uliza mtoto anaanza kulipa nusu akiwa na miaka mingapi na anaanza kulipa kamili lini. Uliza vinywaji, kwa sababu kwenye bafe soda na maji ya chupa karibu kila mara ni kando, na hapo ndo bili huota miguu. Watoto wakitaka kuogelea, hiyo pia uliza, usidhani umelipia lanchi basi bwawa ni lako.

9. Kula, lipa, ondokeni kabla ya saa tisa na nusu. Omba bili mkianza matunda, siyo mkimaliza, mashine ya kadi na meseji za M-Pesa huchukua muda wake. Geti linafungwa saa kumi na mbili jioni na wanyama wazuri hutokea jua likianza kulegea, ukikaa mezani hadi saa kumi na moja umelipa kiingilio kuja kuangalia maua ya loji.

Kama mmeamua kujibebea chakula

Hii ni njia halali kabisa, na kwa familia kubwa ndo yenye akili. Lakini hauli popote. Kushuka kwa gari kunaruhusiwa sehemu zilizotengwa tu, na zinazojulikana zaidi ni pale juu Baboon Cliff na kule kusini kwenye maporomoko ya Makalia. Muulize rinja getini kama kuna zingine zimefunguliwa.

Baboon Cliff ina mandhari ambayo hutaiona kwingine, ziwa lote liko chini yako, lakini jina lake limekuambia kila kitu. Nyani wa pale wamesoma watu. Haji mbio, anakuja akitembea pole pole kama mtu anayepita tu, anaangalia kando, anakaa kwa jiwe anajikuna, kisha mmoja mdogo anasogea upande wa kushoto nyote mnamgeukia mkicheka na kupiga picha, na huku yule dume mkubwa ashaingia kwa mlango wa nyuma wa gari ametoka na mkate mzima. Hapigani na kifuniko cha hotpoti, anakigonga kwa mwamba mara moja kinafunguka. Van yenye paa la kuinuliwa ndo anaipenda zaidi.

Kwa hivyo: chakula kikae ndani ya gari, madirisha juu, milango imefungwa, paa limeshushwa. Gawia kila mtu sahani yake mkiwa ndani ya gari kwanza. Mtoto asishike ndizi mkononi nje. Akinyang'anya kitu, mwachie, usivutane naye, yale meno yake ni marefu kuliko unavyofikiria. Na msimtupie chakula hata akikaa kwa huruma, kulisha wanyama ni kosa, na nyani aliyezoea kulishwa ndo yule atakayemrukia mtoto wa mwingine kesho.

Mimi napendelea Makalia kwa kula, kuna kivuli na sauti ya maji, ingawa nyani na tumbili huko pia wapo na ni mbali kutoka geti kuu. Wakati wa kiangazi maji yanakuwa kidogo sana, usiwaahidi watoto maporomoko makubwa.

Pikeni kitu kisichohitaji mchuzi. Chapo na nyama kavu, kuku wa kukaanga, viazi vya kuchemsha, mukimo uliokauka kidogo unakatika vizuri kwa kisu. Ugali ukipoa ndani ya gari haufurahishi mtu. Wanaotaka pilau na hawana muda wa kupika, pitieni mtaa wa Bondeni pale mjini mapema. Mifupa na maganda yote yarudi nyumbani na nyinyi.

Makosa ninayoyaona kila likizo

Kuingia na chakula chenu ndani ya loji ili mkae kwa meza zao. Hawatakubali, hata mkinunua soda. Chakula cha mtoto mchanga ni sawa, hakuna atakayesema neno.

Kufunga vya bafe kwa tishu na kutia kwa mkoba. Wanaona. Bafe ni ya kula pale pale.

Kutoka nje ya mbuga kwenda kula mjini mkifikiria mtarudi na tiketi ile ile. Kwa kawaida tiketi ni ya kuingia mara moja. Kama lazima mtoke, ongeeni na watu wa geti kabla gari halijavuka, siyo baadaye.

Kumtegemea dereva wa kukodi ajue kila kitu. Wengine wana loji wanayopenda kwa sababu zao. Sikiliza ushauri wake, ni mtu wa kazi hiyo, lakini simu ya saa tatu upige wewe.

Na chakula cha dereva! Watu wanaingia kula, yeye anaachwa kwa gari. Uliza mapokezi, loji nyingi zina sehemu ya madereva yenye bei nafuu sana, halafu lipa.

Mambo yakiharibika

*Loji zote mbili zimekataa.* Uliza wa pili mlangoni: "Tukirudi saa nane kasoro robo kuna nafasi?" Mara nyingi jibu ni ndiyo. Toa ule mkebe wa dharura, zungukeni karibu na hapo, mrudi. Wakikataa hata hilo, omba wawafungie chakula cha kubeba. Jikoni hutengeneza vile vya boksi kwa wageni wanaosafiri, na kama hawajazidiwa watakubali.

*M-Pesa imegoma mkilipa loji.* Kwanza usogee nje ya jengo, ukuta wa mawe hula neti. Ikikataa, kadi, halafu noti. Ndo maana ni vizuri kubeba chochote cha ziada.

*Kuna mgonjwa wa sukari ama wa presha.* Wa sukari asingoje saa ya bafe hata kidogo, ule mkebe ni wake kwanza. Ukifika mwambie mpishi moja kwa moja, asikuelekeze weita, wapishi wa loji wamezoea na wanaweza kutoa mboga bila chumvi na nyama ya kuchoma bila sosi.

*Tunakula halali peke yake.* Uliza kwa simu ile ya asubuhi, siyo mbele ya sufuria. Jibu likiwa la kusitasita, kula samaki na mboga ama beba chako.

*Mvua kubwa imeshika.* Barabara za udongo mweusi karibu na ziwa zinateleza vibaya, gari dogo linakwama. Badilisha mpango uende loji iliyo karibu kwa barabara ngumu hata kama siyo ile uliyopigia, na siku ya mvua meza za ndani zinagombaniwa kwa hivyo ile ya kukaa nje isahau.

*Bili imekuja na vitu ambavyo hamkuoda.* Usipige kelele, uliza orodha moja moja mkiwa na weita aliyewahudumia. Mara nyingi ni meza mbili zimechanganywa, hasa kama mlikubali kugawanywa.

*Saa kumi imefika na mlichooda kwa menyu bado hakijatoka jikoni.* Mwambie weita geti linafungwa saa kumi na mbili na mnatakiwa kuondoka. Kama bado hakijaanza kupikwa omba kifutwe, mlipe vinywaji peke yake. Kama kiko motoni wakifunge, mle kwa gari na madirisha juu.